Matofali Yaliyosubiri Kuni

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu Kulwa. Huku hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna karanga, nami kikohozi kimenirudia kidogo tu.

Umeuliza kutoka Bugarama kwa nini Wakatoliki wote hawa wa kijijini kwetu wanakwenda kusali kijiji cha jirani. Nilipokuwa msichana tulifyatua matofali ya kanisa letu wenyewe. Wanaume walikanyaga udongo, sisi tukabeba maji, ikabaki kuyachoma. Hapo wazee wakataka kanisa la duara, kama nyumba zetu za msonge. Katekista na vijana wakataka refu, lenye mnara kama la mjini. Kila upande ukaapa kutotoa kuni za tanuri mpaka ramani yake ikubaliwe.

Mama yangu aliwasihi, "Jamani, chomeni kwanza! Mtagombana yakishaiva."

Hawakumsikia. Mvua ikaja mapema, matofali yote yakarudi kuwa tope.

Kuni za pande zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba zetu, kavu kabisa. Tulizipikia ugali msimu mzima, na Jumapili tukaanza kwenda kusali kwa jirani, hadi leo.

Bibi yako