Nyayo za Kunjambu Mgongoni Mwangu

Jumatatu, 17 Julai

Karkidakam, mwezi wetu wa mvua, imeingia. Mvua tangu alfajiri, tena si ya kunyesha, ni ya kumwaga. Mkono wa kulia uko vilevile: unapanda hadi kifuani, hapo unagoma. Nimejaribu kujichana nywele, nikaishia kujichana sikio.

Rohini mke wangu hazunguki mbuyu. Amesema leo: ama niende kwa Kunjambu nikakandwe kwa nyayo mwezi huu wa mafuta, ama nizifungie kotama zangu za kugemea sandukuni. Nikamwambia niko tayari kwenda kwa mkandaji yeyote Malabar nzima, isipokuwa huyo. Akaniuliza huyo yeyote yuko wapi, mbona sijamwendea tangu nianguke. Nikasema chai imepoa.

Mgema asiyeweza kuinua mkono juu ya kichwa ni mgema gani? Ni mtu anayetazama minazi tu. Dasan, mwenye kilabu cha tembo, amekubali kunishikia minazi yangu mpaka tarehe moja ya Chingam, mwezi ujao wa kwetu. Siku hiyo anagawa upya. Nisipoweza kupanda, inakwenda kwa Sajeevan, kijana anayenishikia zamu sasa. Anapanda na simu mfukoni. Ikilia, anapokea hukohuko juu!

Na Kunjambu je? Nilipoanguka, kamba ya miguuni iliteleza kwenye maji. Kamba. Maji. Basi. Yeye akaketi kwenye mkahawa wa chai akasema mnazi haukumwangusha Pavithran, Pavithran alionja kabla ya kushuka. Watu walicheka hadi chai ikawapalia. Sijawahi kuonja tembo nikiwa juu ya mti, hata tone. Na mtu huyo ndiye nikajilaze chini yake?

Jumatano, 19 Julai

Nimejilaza chini yake.

Kalari yake, kile chumba anachofundishia vijana kupigana kwa fimbo na panga, sakafu yake imeshuka chini ya ardhi, na ndani kuna giza na joto. Kamba nene inaning'inia kutoka kwenye boriti. Nililala kifudifudi juu ya mkeka, nimevaa kitambaa tu, najiona kama samaki wa kuuzwa. Kunjambu akayapasha mafuta moto kwenye bakuli la shaba, akayajaribu kwa kifundo cha mkono wake mwenyewe, akanimiminia.

Halafu akainama. Akagusa vidole vya miguu yangu, akaupeleka mkono kwenye paji la uso wake, kama anayemwamkia mkubwa wake. Kunjambu! Mimi! Nikageuza shingo kutazama. Akasema, "Usivimbe kichwa. Nakukanyaga, kwa hiyo naomba radhi kwanza. Hata ng'ombe ningemwomba."

Akashika kamba, akaweka unyayo.

Niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Sijui niandikeje. Ni mzee mrefu, mzito, tumbo mbele — na unyayo wake ulikuja kama mkono wa mama. Ukatoka kiunoni ukapanda mpaka bega, ukapita, ukateleza hadi ncha za vidole, ukarudi. Uzito wote ulikuwa kwenye ile kamba. Alinipa kiasi alichotaka, si zaidi. Alipofika kwenye bega bovu akasimama. Hakuuliza ni hapa au pale. Kidole gumba cha mguu kilizunguka mahali penyewe, taratibu, na mafuta yakaingia.

Nilikwenda na matusi yangu tayari. Nimerudi nayo yote.

Alhamisi, 20 Julai

Masharti. Hakuna samaki. Hakuna pilipili. Hakuna kulala mchana, kukaa penye upepo, kunywa tembo, kunyanyua kitu. Na kupanda — hata ngazi ya kuku! Idadi ya siku nitakazopakwa mafuta, idadi hiyohiyo nitapumzika baadaye, na masharti yaleyale. Mwili uliokandwa ni laini, anasema, ukiupa kazi unavunjika mahali papya.

Rohini amehamishia pilipili kwa jirani. Nakula uji wa dawa asubuhi na jioni. Una ladha ya ua wa nyumba baada ya mvua.

Nimemuuliza Kunjambu kuna nini ndani ya mafuta. Ufuta, akasema. Majani ya mbarika. Kitunguu saumu, maziwa, mizizi ya aina hii na ile. Nikauliza mizizi ipi. Akageuka akaitazama mvua kwa muda mrefu sana.

Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, harufu yake kali mwanzoni halafu tamu. Paka wa jirani ananifuata kila ninapokwenda.

Jumapili, 23 Julai

Leo unyayo ulikaa begani muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulining'inia?"

Nikasema nini.

"Miguu iliteleza, ukabaki umening'inia kwa mkono huu mmoja. Ukashika. Ndiyo maana pamechanika huku nyuma na si huku mbele."

Nikasema ndiyo. Nilishika shina la kuti hadi likakatika. Sikuwa nimemwambia mtu, hata Rohini, maana nilijua angeota ndoto mbaya.

Mafuta yakateleza chini mpaka kwenye kiwiko. Halafu: "Mlevi angeachia. Nilisema neno la ovyo pale mkahawani. Nitakwenda kulitoa."

Ningejibu nini nikiwa na mtu mzima mgongoni? Lakini moyo wangu ulilegea hata kabla ya bega.

Jumatatu, 24 Julai

Amekwenda! Kaka yake Rohini alikuwapo. Anasema Kunjambu alisimama mlangoni, mwavuli bado wazi, akawaambia alisema uwongo juu ya Pavithran, na kwamba amewakanyaga walevi wa kutosha kuijua miili yao kwa unyayo. Kisha akaagiza chai na ndizi ya kukaanga kama aliyeuliza bei ya sukari.

Mtu mwenye jina kama lake. Ningekuwa mimi, ningengoja watu wasahau.

Jumanne, 25 Julai

Siku ya mwisho ya mafuta. Aliponiambia nisimame niinue mkono, nikauinua nikitazama ukutani, sikutaka kuona. Ukapita kifua. Ukapita kidevu. Ukafika sikioni! Hapo ukatetemeka ukakaa.

Machozi yalinitoka. Nimesingizia mafuta. Kunjambu akanipa kitambaa akasema ndiyo, haya mafuta ni makali sana machoni.

Ijumaa, 28 Julai

Kupumzika ni kazi ya watu wengine, si yangu. Rohini ananilinda kama mwali. Nimeketi barazani, nimefunikwa masikio, nasikiliza.

Nasikia kila kitu. Tunagonga karara la ua la mnazi kwa mfupa, polepole, kulizunguka lote, ndipo linakubali kutoa maji. Nasikia Sajeevan anavyogonga kule karibu na bwawa la hekalu. Anagonga kama mtu anayesubiri zamu ya choo. Karara litachubuka. Ule ndio mnazi wangu bora, na ukichubuliwa unakauka.

Nimemwambia Rohini. Akaniita kwa jina la mwanetu, kama kawaida yake: Baba Sumesh, funika masikio vizuri.

Jumapili, 30 Julai

Nimepanda.

Rohini alikuwa kwa dada yake. Mvua ilipungua, nikasikia kule kugonga tena, nikachukua kotama. Nilifika karibu na katikati. Mkono ukajifunga, haukwenda juu wala chini. Nimeshuka kwa kukumbatia mti kwa kifua, ngozi nimeiacha huko. Sajeevan alinikuta nimeketi chini kwenye matope. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mkono hauvuki kiuno sasa.

Jumatatu, 31 Julai

Kunjambu amekuja mwenyewe. Rohini alimwita. Amenishika bega kwa vidole viwili tu, kisha akauachia mkono wangu kwa uangalifu pajani, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Akasema hanikandi. Mwili umekwisha kulainishwa na umevunja mapumziko. Akiukanyaga tena sasa, atauharibu kabisa. Ni Karkidakam ijayo, kama ilivyo kwa kila mtu. Rohini akamsihi, akataja Chingam, akamtaja Dasan. Kunjambu akatikisa kichwa.

Alipofika ngazini akanigeukia. "Niliwaambia watu kwamba wewe si mjinga wa kulewa juu ya mti. Bahati yangu hawakuniuliza kama ni mjinga wa kupanda."

Ningetamani anitukane kwa ukali zaidi. Alikuwa na haki.

Jumapili, 6 Agosti

Mvua. Kiunoni.

Jumamosi, 12 Agosti

Dasan amepita kunijulia hali. Anasema yeye hana neno, ila minazi haingojei mtu. Ametazama mkono wangu mara nyingi kuliko uso. Nimeuficha ndani ya shuka. Rohini amempa chai, akasahau sukari — makusudi, nadhani.

Jumatatu, 14 Agosti

Janaki, mke wa Kunjambu, amekuja na ujumbe. Kesho wanapika mafuta mapya. Mwana wao aliyekuwa akikoroga yuko Sharjah, anaendesha lori. Kwa hiyo niende nikoroge.

Nikamwambia Dada Janaki, nina mkono mmoja tu mzima.

"Amesema uje na huo mbovu," akajibu, akafungua mwavuli wake.

Rohini amefurahi kupita kiasi. Mimi nimekasirika. Yaani nimekuwa kibarua wa mtu aliyekataa kunitibu!

Jumanne, 15 Agosti

Mikono inanuka, naandika hivyohivyo.

Sufuria ni la shaba, kubwa, ndugu wawili wangeweza kuoga ndani. Mizizi ilikuwa imechemshwa tangu juzi. Leo ni kutia ufuta, maziwa, na kukoroga. Bila kuacha. Ukiacha, vinashika chini na sufuria zima linaungua. Moto ni wa kuni za mkwaju, mdogo, anaulisha mwenyewe kwa mkono kama anayelisha mtoto.

Alinipa mwiko mfupi kwanza. Nikakoroga kwa kiuno zaidi kuliko mkono, nikimtukana kimoyomoyo. Mvuke ule, wa dawa, ukanipanda begani. Baadaye akaniletea mwiko mrefu kidogo. Mchana akaleta mwingine, mrefu zaidi. Kila mara alisema ule uliotangulia umeshika moto. Nikaona ajabu, maana ulikuwa mzima kabisa, niliutazama.

Jioni, nilipofuta jasho la paji la uso, nilitumia mkono wa kulia. Nikasimama pale na kitambaa usoni, sikukitoa haraka.

Yeye alikuwa amechuchumaa motoni, mgongo kwangu. Mzee mwerevu huyu! Hajanigusa hata kwa kidole. Kanuni yake iko palepale, nzima, na mimi nimekandwa kutwa. Nimewajua watu wengi wazuri wa kazi. Kama huyu, hapana.

Jumatano, 16 Agosti

Siku ya mwisho ya Karkidakam. Nimekuja na daftari kwa Kunjambu, maana leo haiwezekani kuandika nyumbani, sijui nitatoka saa ngapi. Amenipokea zamu nile uji. Nina muda wa bakuli moja.

Mafuta yako karibu. Namna ya kujua ni hii: anachota machicha ya chini, anayasokota kati ya vidole kama utambi, anayatia motoni. Yakilia, kuna maji ndani, bado. Yakiwaka kimya, tayari — na hapo lazima yatolewe papo hapo, kabla hayajapita. Ameyajaribu mara mbili. Mara zote yamelia.

Amechoka. Ameegemea nguzo na mguu mmoja ameunyoosha. Yeye anayewakanyaga wote, sijui nani humkanda. Nitamuuliza Janaki.

Dasan amefika. Yuko getini chini ya mwavuli na Sajeevan nyuma yake. Nyumbani waliambiwa niko huku. Anasema kesho asubuhi atakuwa na mambo mengi, angependa tumalize leo: nipande au nisipande? Mnazi wowote, hata huo mfupi wa hapo uani. Ametaja uani mara mbili.

Nimemtazama Kunjambu. Nilidhani atasema kitu, kwamba huyu amevunja mapumziko, asipande, au kwamba yuko tayari. Anakoroga tu. Amesema, bila kugeuka, "Mwambie hujamaliza kupika."

Dasan amesema atangoja kidogo. Kidogo tu.

Siwezi kupanda leo. Hilo nalijua sasa, nilipata kulijua kwa kifua. Lakini akiondoka hivihivi, minazi imekwenda, na wa kando ya bwawa pia. Rohini atasema tutaishi. Tutaishi, ndiyo. Mimi sijui nitaishi nikifanya nini asubuhi.

Kunjambu ametia utambi wa tatu. Naona moto umeushika. Haulii! Janaki anakimbia na kitambaa cha kuchujia. Sasa ni haraka.

Ananiita. Anasema shika mwiko, yeye aondoe kuni. Ameutoa sufuriani na kuuinua ili aone tone linavyoanguka kwenye mwanga. Yeye ni mrefu, nao uko juu ya kichwa chake. Juu kabisa. Nimeinuka nusu nikangoja aushushe.

Haushushi. Mafuta yanadondoka, hayana subira, na bado haushushi. Anautazama mkono wangu wa kulia, si mwiko. Dasan amefunga mwavuli na kuingia uani ili aone vizuri.

Naweka kalamu chini.