Jina Lilipita Kwanza

Mama yangu,

Unisamehe kukaa kimya muda wote huu. Simu ninayo, ila nikimsikia mwanangu Anisia nyuma yako anakuita wewe "mama", maneno yananiishia. Mwakeye, umeamkaje? Mgongo je? Na baba mdogo, kifua kimeachia? Mimi mwili mzima, moyo ndio umelala chini.

Hapa redioni Kibondo walinipa kompyuta nitengeneze mtambo wa kupokea matangazo ya misiba yanayopigwa kwa simu. Unapanga visanduku kwenye kioo, kila kimoja na kazi yake, unaviunganisha kwa mistari. Mstari mmoja unapitisha sauti, kama maji mferejini. Mwingine, wa nukta nukta, unapeleka neno tu: kisanduku kinachosikia mtu ameanza kusema kinakiambia cha kurekodi, "Anza." Nilidhani neno na sauti vinafika pamoja. Kumbe neno linakaa foleni, na sauti haisubiri; mwanzo wake unapita kabla haujarekodiwa.

Nilijaribu mwenyewe, nikaona sawa. Nilianza ulivyonilea: mwakeye, wa nyumbani hawajambo, watoto, mashamba. Salamu ndefu vile, ikikatwa mwanzo nani atajua?

Juzi mama mmoja wa Munanila akapiga analia. Hakusalimu. Alianza na jina la mwanawe. Redio ikatoa, "...amefariki, maziko ni kesho." Kaka wa marehemu anauza nguo hapa sokoni. Alinijia hapa redioni baada ya kaburi kufunikwa. Hakunifokea, mama. Alisema, "Tangazo nililisikia, dada. Nikasema poleni wenye msiba, nikaendelea kukunja nguo."

Fundi mkuu kaniambia mbele ya wote, "Mtambo wako unataka watu wasalimu ndipo wafiwe? Ijumaa tunaujaribu; ukikata tena, kalime maharage kwenu Heru Juu." Nimeongeza kisanduku cha kuichelewesha sauti kidogo, neno litangulie. Lakini mtambo siuamini, maana kila nikijaribu, mdomo unaanza na salamu wenyewe. Na usiniambie nirudi. Sirudi nikiwa nimeacha mtambo unaokata majina ya watu.

Msalimie baba mdogo, na shangazi anayekusaidia kumbeba mtoto.

Ni mimi mwanao, Leokadia.

Kwa basi la Kasulu nitumie unga wa muhogo, kitenge changu cha kijani, na memori kadi yenye sauti ya Anisia. Mwambie aseme jina lake, bila salamu. Nitaipitisha mtamboni, nisikie kama jina la mwanangu linafika lote.