Koo la Bi Thibodeau

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Nimeuza kompyuta moja ya kuandika kwa sauti leo! Worcester, ofisi ya mawakili. Mpiga chapa wao, Bi Lorraine Thibodeau, vidole vyake vimekufa ganzi — miaka kumi na tisa ya kuchapa. Nikaisomea kompyuta yangu ile barua ninayowaonyeshea wateja, ikaandika bila kosa. Akatokwa na machozi. Sikumwambia kuwa imezoea sauti yangu miezi minne, na barua ni ileile kila siku. Tangazo letu linasema: ongea tu, itaandika. Mimi mwenyewe sijawahi kuliamini.

Jumatano, 19 Oktoba
Bi Lorraine kapiga simu. Akiongea mfululizo, inaandika takataka. Nikamwambia atenganishe maneno: neno, kimya, neno. "Mbona kwenye tangazo hawatenganishi, Bwana Pelkey?" Nikacheka. Kicheko cha aibu. "Vumilia tu, itakuzoea."

Ijumaa, 4 Novemba
Simu tena. Sauti ilivyokwaruza, nilidhani ni mwanamume. Saa sita kwa siku anakatakata maneno, sasa daktari kaona vivimbe kooni. Kwaya kakatazwa, na Krismasi alipangiwa kuimba peke yake. Kompyuta nayo ilizoea sauti yake ya zamani, hii mpya haiijui. "Kwanza mikono, sasa koo," akatania. "Mmebakiza nini?"
Nilipaswa kumwambia aache. Nikamwambia anywe chai ya asali. Asali! Najichukia.
Nimemweleza bosi. Kasema sisi tunauza kompyuta, hatuuzi makoo.

Jumatatu, 14 Novemba
Wakili Garrity, bosi wa Bi Lorraine, kaniita. Leo ndiyo mwisho: Bi Lorraine aandikishe barua moja kwa sauti, au kazi basi. Bi Lorraine kaja na skafu shingoni. Akaninong'oneza, "Anza wewe, waone inawezekana."
Nikaanza, kwa kompyuta yangu. Bila kosa, kama kawaida.
"Kumbe mashine ni nzima," wakili akasema. "Basi shida ni yako, Lorraine."
Aliniangalia. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikaufunga, nikasema nawapisha.
Naandika haya kwenye benchi la korido. Mlango haukufungwa vizuri, namsikia. Neno la kwanza tu la barua: "Mpendwa." Kimya. "Mpendwa." Mara ya sita sasa, na kila mara sauti inapungua. Ni hatua nne tu kutoka hapa hadi mlangoni. Nimezihesabu, na bado nimekaa.
"Mpendwa."