Bado Uko Hapo, Kitale?

Mjukuu wangu Nafula,

Pokea salamu zetu za Kitale. Mahindi yametoa nywele, na babu yako, Kuka, anatembea vizuri sasa.

Umeuliza kama naielewa kazi yako huko Bungoma, ya kuunganisha swichi za mtandao zifanye kazi kama moja, hata inayoongoza ikizimika nyingine ishike nafasi yake. Nadhani naielewa, mama.

Nikiwa msichana nilikuwa opereta wa simu hapa, pamoja na Rukia. Tuliketi bega kwa bega, kila mtu na bodi yake ya kuunganishia simu, na wapigaji wote walituita kwa jina la mji. Alasiri moja, ukungu ukiwa umefunika madirisha, mwanamume alipiga kutoka mji mdogo wa Kwanza. Mkewe alikuwa hospitalini Bungoma akijifungua, na hakuwa amesikia habari zake. Rukia alikuwa akimtafutia laini alipozirai ghafla. Nilimlaza chini, nikampepea, kisha nikavaa kisikilizio chake.

"Kitale, bado uko hapo?" mwanamume aliuliza.

"Niko," nikajibu.

Laini ikapatikana. Mkewe alikuwa mzima, na mtoto wa kike. Yule baba alilia, nami nikasikiliza kama niliye ndotoni.

Kesho yake, Rukia akiwa amepata nafuu na kurudi kazini, yule baba alipiga tena, akitaka kumshukuru yule dada aliyempatia laini.

"Si ni wewe, jibu," Rukia akaniambia.

"Ni wewe ulianza," nikasema.

Basi tukakiweka kisikilizio katikati ya masikio yetu, shavu kwa shavu, tukaitika pamoja.

Ubaki na amani, mama.

Bibi yako, Kukhu