Safisha Neno Kwanza

Jumatatu, 3 Februari 2025

Saa nne. Kahawa mkononi, redio juu ya kabati. "Chai ya Saa Nne" imeanza. Chai gani! Maji ya kuoshea vikombe.

Wako wawili: kijana mmoja Ridhwan, na Nassra wangu — mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mie tangu ana miaka sita. Ridhwan katangaza mada: "samani ya ndoa". Robo saa nzima nnasubiri vitanda na makabati. Kumbe thamani! Thamani, we mwana! Huo ulimi umepewa wa nini?

Miaka ishirini na nane nimesoma matangazo ya vifo redioni. Jina la maiti halijanivunjikia mdomoni hata mara moja. Hawa wanacheka toka mwanzo mpaka mwisho, na hapana aliyesema la kuchekesha.

Jioni Nassra kaniletea mkate wa ufuta. "Umenisikia, Shangazi?" Nimekusikia, nikamwambia. Basi. Kaondoka kanuna.

Jumatano, 5 Februari

Leo wamempigia mvuvi wa Uroa, wanajifanya watu wa hoteli, wanataka pweza mia. Masikini, keshaanza kuwaita wenzake kwa furaha — hao, kicheko! Ati mzaha. Kuchezea rizki ya mtu mzima!

Nikazima. Nikawasha tena. Sina haya na mie.

Nimempigia Amne, Jongowe, kule Tumbatu. Tumekua pamoja. Ndiye pekee aliyebaki wa rika langu anayejua kuwa mie mwana wa Jongowe. Nilipokuja mjini walinicheka nnavyosema, basi nikasema kwetu Jang'ombe, ikawa Jang'ombe. Hata Nassra sijamkutanisha naye. Amne akifungua mdomo tu, Kitumbatu kinamwagika, na siri yangu pia.

Kifua kinambana, sauti imekonda. Naye anasikiliza kipindi! Anasema Nassra anazungumza vizuri. Nikamwambia hiyo homa tu inakusemesha. Kacheka mpaka kakohoa. Kaniomba niende nikamtazame. Jumapili, inshaallah, nikamjibu.

Miaka mingapi nnamwambia Jumapili?

Jumanne, 11 Februari

Jumapili sikwenda. Mguu.

Leo Nassra kasoma tangazo la kifo, na muziki unapiga chini yake! Astaghfirullah! Bi Amne Makame, maziko leo saa saba, Jang'ombe.

Jang'ombe ipi? Mie nipo Jang'ombe, sijasikia kilio. Nikatia buibui nikatoka, maana msiba wa jirani haukaliwi nyumbani. Nimezunguka vichochoro, nimefika mpaka msikitini. Hapana jeneza. Nimekutana na wanawake wanne nao wanatafuta, mmoja katoka Matemwe hajanywa hata chai. Tukasimama kivulini tukawasema watangazaji wa leo mpaka tukachoka. Nilinogewa, sisemi uongo.

Jina moja na Amne wangu. Akina Amne Makame wamejaa kisiwa hiki. Nimempigia nimtanie, nimwambie ushatangazwa. Inaita tu. Mara tatu.

Atakuwa kaiacha kwenye chaji.

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri

Kapiga Ubwa, mwanawe Amne. Wamemzika saa saba. Jongowe.

"Hatukukuona, Mama Mwanakheir. Mama kakuulizia mpaka pumzi ya mwisho. Tulipeleka tangazo redioni, tukajua wewe hulikosi."

Saa nne mpaka saa saba. Gari mpaka Mkokotoni, boti, ningefika. Ningemwona uso.

Jumatano, 12 Februari

Nassra hawakumweka hewani leo. Ridhwan kafungua peke yake. Anacheka.

Saa tano Nassra huyo, kaja, macho mekundu. Maneno yangu nilikuwa nshayapanga tangu alfajiri, makali, moja baada ya jingine. Sikupata kuyatoa. Kaniwekea simu mezani, nisome ujumbe aliopeleka Ubwa: maziko jongowe saa 7. Herufi zote zipo. Zinasomeka.

Nikamuuliza, sasa wewe umeitoa wapi Jang'ombe?

Kasema hajapata kulisikia neno hilo. Akadhani aliyeandika ni mtu wa shamba, anaandika Jang'ombe kwa lafudhi yake. Akalisafisha.

"Si wewe Shangazi uliyenifundisha? Neno likija kishamba, lisafishe kwanza ndipo ulitoe."

Mie. Mie huyu. Utotoni mwake, kila akirudi kutoka kucheza, neno la shamba mdomoni, namfinya sikio mpaka alitoe kimjini. Safisha! Safisha!

Hajui aliyekufa ni nani kwangu. Anadhani nimekasirikia kazi.

Mkubwa wake anataka barua leo hii, aeleze kosa limetokeaje, la sivyo asirudi kazini. Kaniomba tuiandike pamoja. Kasema mie ndiye mwenye Kiswahili chake. Keshaandika tarehe na "Yahusu". Mie nimechukua daftari hili, najidai natafuta maneno.

Kainua kichwa. "Shangazi, hebu kwanza. Hiyo Jongowe ni wapi? Kwa nani?"

Kalamu kaishika. Ananitazama —