Naliaka na Jicho la Tausi

Shamba la Wanyoike,
S.L.P. 61,
Rongai, Nakuru.
15 Septemba 2024

Mpendwa Dada Immaculate,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Manchester? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za hospitali? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamebeba, na mke wangu amenenepa ila hataki kuambiwa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kila nikianza kukuhadithia habari hii kwa simu, nikifika mahali patamu unaitwa kazini. Sasa nimeiandika, na Sue wa kanisani kwenu, aliyekuja kutembea huku, atakuletea mkononi. Kaa chini uisome yote.

Habari yenyewe ni ya mwanangu Naliaka. Unakumbuka alipokwenda kusomea udaktari wa mifugo, ndugu yetu Wamalwa alicheka akasema akili zote hizo zinapelekwa kwa mbuzi. Siku hizi Wamalwa huyo huyo anamtaja mbele ya watu kana kwamba ni yeye aliyemzaa. Namwacha tu.

Unamjua Tausi, yule farasi jike ninayemtunza hapa kwa Bwana Wanyoike, anayetumiwa kufundishia watoto kupanda farasi. Mwezi wa sita jicho lake la kushoto lilianza kutoa machozi, likavimba, kisha likaingia weupe katikati. Bwana Wanyoike alinunua dawa ya tyubu pale duka la agrovet, ile ya ng'ombe, nikawa nampaka asubuhi na jioni. Jicho likazidi kuharibika. Mwishowe akasema litolewe, na kwa kuwa hawezi kumpandisha mtoto wa watu juu ya farasi wa jicho moja, Tausi atafutiwe mnunuzi. Dada, mimi ndiye niliyempokea Tausi siku aliyozaliwa. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Na si hilo tu. Kila nilipotazama ule weupe nilimwona mama. Wewe unajua zaidi yangu, maana ndiwe uliyekuwa ukimshika mkono kwenda mtoni na kanisani. Kila jirani alikuja na dawa yake ya kumtia machoni, na hakuna aliyewahi kuchunguza kilichokuwa kikimla.

Basi nikamwomba Bwana Wanyoike anipe nafasi ya kumwita daktari mmoja wa Nakuru mjini. Sikumwambia ni binti yangu, asije akaniona nampigia debe mtu wangu. Naliaka akaja, akaniita mzee, nami nikamwita daktari, kila mtu na sura yake ya kazi. Nilikuwa nimepiga pasi ovaroli.

Alieleza kwamba hataki kutibu kwa kubahatisha. Anataka chembe chache tu za juu ya jicho, azitazame kwa hadubini, ndipo ajue ni ugonjwa gani. Akamdunga Tausi sindano ya kumtuliza, akamdondoshea dawa ya ganzi, kisha akatoa brashi ndogo kuliko ile ya kupaka wanja. Mimi nilishika kichwa.

Sindano ilikuwa haijakolea. Brashi ilipokaribia, Tausi alirusha kichwa, brashi ikaruka hadi kwenye majani, na Naliaka nusura abanwe ukutani. Nikajikuta nimepaza sauti: "Mama, toka hapo!"

Bwana Wanyoike akanigeukia. Akamtazama Naliaka, akanitazama mimi.

"Kumbe huyu ni mamako," akasema. "Hata mimi yule binti yangu mkubwa namwita hivyo. Alipewa jina la mamangu."

Sikuwa na la kuficha tena. Nilingoja anifukuze zizini, lakini alisema tu, "Sasa dakta, hii jicho si itolewe tumalize?"

"Nipatie nafasi moja tu, mzee," Naliaka akamjibu. Kisha akanigeukia taratibu. "Baba, unatetemeka, na Tausi anasikia. Pumua kwanza."

Mimi, dada, niliyezeekea zizini, nikafundishwa kupumua. Nikapumua. Tausi akashusha kichwa, akaniegemea begani. Naliaka akachukua brashi nyingine, akaizungusha polepole pembeni mwa kidonda, akaipaka kwenye vioo vidogo. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nilitamani ungeuona mkono huo.

Alivitia vioo rangi ya zambarau, akaweka hadubini yake kwenye meza ya barazani, akatuita tuangalie. Kulikuwa na nyuzinyuzi nyembamba zimetambaa kati ya chembe. Akasema huo ni ukuvu, na ile dawa ya tyubu ilikuwa ikiusaidia kukua. Alibadilisha dawa hapo hapo, nami nikakabidhiwa kazi ya kumdondoshea Tausi usiku na mchana. Nilihamia zizini kabisa, na mke wangu akawa ananiletea chakula huku akiniuliza kama nimeoa huko.

Wiki iliyopita Naliaka alirudi. Akaziba lile jicho zima la kulia kwa kiganja, akapitisha mkono mbele ya lile la kushoto. Tausi akapepesa. Limebaki kovu dogo, lakini anaona. Bwana Wanyoike akaniambia nitafute tandiko, Jumamosi watoto wanakuja.

Niliomba kioo kimoja kati ya vile. Nimekiweka sebuleni kando ya picha ya mama, na mgeni hapewi chai kabla hajakiinua kwenye mwanga akaona lile doa la zambarau. Naliaka anasema namwaibisha. Acha aaibike.

Nisalimie shemeji, Travis na Mitchelle. Mungu akufunike katika baridi hiyo na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Siku tuliyomleta Naliaka nyumbani akiwa kichanga, ni wewe uliyesema apewe jina la mama, na wengine wakanung'unika kwamba ni jina la kipofu. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Wasike