Dada Yangu Alituma Mara Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Mimi ni mtengeneza programu wa posta, na dada yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, lakini alipoamua kuolewa na mwanamume nisiyempenda na kuhamia mji mwingine nilimwambia mbele ya watu, "Ukitoka hapa usinitafute," naye akaondoka, nikabadilisha namba ya simu kwa hasira, na hasira ilipoisha nikaona aibu kumtafuta, nikawa nasubiri anitafute yeye.

Basi kila Ijumaa kwa miaka minne nashuka dirishani kwa mama wa mizigo, namwomba aandike jina langu kwenye kompyuta aone kama kuna mzigo, naye anasema, "Hakuna kitu, kaka," nami namwambia, "Hebu angalia tena," naye anacheka, "Skrini si umeitengeneza mwenyewe? Inasema hakuna."

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja na risiti aliyotumiwa na binti yake, skrini ikasema hakuna, mzee akagoma kuondoka, tukaingia stoo na mzigo wake tukaukuta rafuni, nikarudi mezani, nikauendesha mwenyewe ule utaratibu uliohifadhiwa kwenye hifadhidata, ambao skrini huutumia kutafuta mizigo, na badala ya orodha moja zikaja tatu: ya kwanza mizigo yenye namba ya simu ya mpokeaji, ya pili yenye jina tu, ya tatu ile ambayo haikuchukuliwa ikarudishwa kwa aliyetuma. Programu yangu ilikuwa inasoma orodha ya kwanza na kufunga, haiulizi kama kuna nyingine.

Nikaandika jina langu kamili, ambalo watu wa stoo hawalijui maana wao wananiita Fundi Skrini tu. Orodha ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya tatu mistari saba, yote kutoka kwa dada, na kwenye safu ya kilichomo wameandika sweta, vitabu, viatu vya mtoto, kumbe alisikia nimepata mtoto, na mwisho kabisa picha, miezi kumi na minne iliyopita, baada ya hapo kimya. Mshauri, yeye anaamini nilimrudishia mizigo yote saba. Anwani yake nimeishika kichwani ila mguu hauinuki. Nitamwambia nini? Na mkuu wangu wa kazi bado hajui.

Fundi Skrini

*

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani. Pole. Hamu ya mtu aliyekuosha uso ukiwa mdogo haina dawa ya dukani.

Sasa nikugombeze. Dada umempa barua nzima, watu wa foleni umewasahau. Kuna waliojibiwa "hakuna" na mizigo yao ipo, wengine wamenuniana na ndugu zao kwa jibu hilo. Kesho asubuhi ingia kwa mkuu wako, umweleze kosa kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha rekebisha programu: isome orodha ya kwanza, iulize kama ipo nyingine, iisome, iulize tena mpaka iambiwe zimekwisha, na ikikuta moja tupu isiishie hapo. Halafu chukueni majina ya wote waliorudishiwa mizigo, mkawatafute mmoja mmoja.

Kuhusu dada, usijifiche nyuma ya kompyuta. Kompyuta ilificha vifurushi. Neno "usinitafute" ulilisema wewe. Alilisikia, na bado akakutafuta mara saba.

Usimwandikie, usimtume mtu. Jumamosi panda basi na mtoto wako. Dada akifungua mlango usianze habari za orodha, hizo zina siku yake. Mwambie, "Dada, nisamehe, nina hamu na wewe," kisha nyamaza, umwache aseme yote aliyonayo. Akikufungia mlango, kaa hapo nje usubiri. Yeye kasubiri zaidi.